Chanjo kwa watoto na watu wazima mjini Juba: usianze upya, endelea ulipoishia

Familia nyingi hupitia Custom zikitoka Sudan, Uganda, Kenya au Kongo, na safarini kadi ya chanjo hupotea au tarehe hupita. Hiyo si sababu ya kubaki nyumbani. Chanjo ambazo mtoto ameshapata hazipotei nguvu kwa kuchelewa. Mhudumu ataendelea pale mlipoishia.

Mtoto anachanjwa lini?

Hizi ni miongoni mwa chanjo za msingi nchini Sudan Kusini:

• Anapozaliwa: kifua kikuu (BCG) na matone ya polio.
• Wiki 6, 10 na 14: matone ya polio na chanjo ya penta. Sindano moja ya penta hukinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na maradhi ya bakteria wa Hib.
• Wiki 14: pia sindano ya polio.
• Miezi 9: surua.

Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Julai 2024 katika baadhi ya kaunti. Hutolewa mara nne, kuanzia umri wa miezi 5. Uliza kama inapatikana kituoni kwako.

Mtoto wangu alichanjwa surua kwenye kampeni akiwa na miezi 6. Inatosha?

Hapana. Dozi inayotolewa kabla ya miezi 9 ni ya ziada. Mrudishe akifikisha miezi 9.

Na watu wazima je?

• Wanawake wajawazito na walio katika umri wa kuzaa: pepopunda, mara tano. Ya pili ni angalau wiki 4 baada ya ya kwanza, ya tatu baada ya miezi 6, kisha ya nne na ya tano, kila moja baada ya angalau mwaka. Humkinga mama pamoja na mtoto mchanga.
• Wasafiri: homa ya manjano, mara moja tu. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinadumu maisha yote. Usisubiri siku ya kupanda basi.
• Kipindupindu: chanjo ya kunywa, wakati wa kampeni.

Nimepoteza kadi. Nifanye nini?

Nenda kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Chanjo za kawaida za watoto ni bure, kwa wakimbizi na wenyeji. Eleza mtoto alichanjwa wapi na lini, kadiri unavyokumbuka. Pasipo ushahidi, mhudumu anaweza kurudia dozi, na kwa kawaida kurudia hakumdhuru mtoto. Utapewa kadi mpya: ipige picha kwa simu.

Mafua au homa kidogo si kizuizi. Mtoto akiwa mgonjwa sana, mpeleke atibiwe kwanza, na mwulize mhudumu arudi lini kwa chanjo.