Peni 63, Fuvu Moja, Jalada Moja

Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, fuvu la Mtwa Mkwawa limo ndani ya kabati la kioo. Alijipiga risasi Julai 1898 asije akakamatwa na Wajerumani, nao wakakata kichwa wakakipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirudishwe. Gavana Twining alikikabidhi mwaka 1954, baada ya kukichagua kwa vipimo kati ya mafuvu ya Bremen, na wapo wasioamini hadi leo kwamba ndicho. Hata hivyo, deni lilikuwa na mdaiwa, na mdaiwa alijulikana.

Oxford nao walikuwa na deni. Mwaka 1355 wanafunzi wawili walilalamikia divai ya baa, wakammwagia mwenye baa usoni. Mji ukachafuka siku mbili tatu, wanafunzi 63 wakauawa. Tangu hapo kila Februari 10 meya alipaswa kwenda kanisani na peni 63, moja kwa kila roho. Deni hilo lilikoma mwaka 1825. Peni moja si fidia, ni fedheha ya kukumbushwa hadharani. Wenyeji waliokufa siku zile, lakini, hawakuhesabiwa hata peni. Chuo ndicho kilichokuwa na mfalme upande wake.

Sasa njoo Kinondoni, Februari 16, 2018. Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, yumo kwenye daladala, anapeleka barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Nje polisi wanatawanya maandamano ya Chadema. Risasi ikampata kichwani. Viongozi wa Chadema walishtakiwa kwa maandamano hayo, wakatiwa hatiani 2020, Mahakama Kuu ikawafutia 2021. Jalada la aliyefyatua risasi lilifungwa Aprili 2018, miezi miwili tu tangu kifo.

Wala si kwamba haiwezekani. Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, mkoani Iringa, Septemba 2012, mbele ya kamera za wenzake. Askari mmoja alifungwa miaka 15.

Jalada la Akwilina lifunguliwe.