Utumishi Unaorithiwa, Ardhi Isiyorithiwa: Wanubi wa Kibera

Zipo familia ambazo babu alikuwa askari, baba akawa askari, na mjukuu naye akavaa sare. Tumezoea kuzisifu kwa kusema kwamba zina damu ya kijeshi. Mimi sikubaliani na kauli hiyo, kwa sababu inaficha mkono wa dola. Desturi ya namna hii hujengwa na sera, na historia ya Wanubi wa Kibera, jijini Nairobi, inalithibitisha jambo hilo kuliko mfano mwingine wowote ninaoufahamu katika Afrika Mashariki.

Chanzo chake si uzalendo. Misri ilipoivamia Sudan kuanzia mwaka 1820, mojawapo ya malengo yake lilikuwa kupata wanaume wa kuingizwa jeshini. Vijana wa makabila mbalimbali ya kusini walitekwa na kufanywa askari. Kambini wakapata dini moja, Uislamu, na lugha moja, Kinubi, yenye asili ya Kiarabu. Wake na watoto waliandamana na kikosi kila kilikokwenda. Mtoto aliyezaliwa humo hakuwa na kijiji cha kurudi. Kwao palikuwa kambini.

Uasi wa Mahdi ulipokata mawasiliano na Misri, askari wa Jimbo la Ikweta chini ya Emin Pasha walibaki pweke. Emin aliondoka na Stanley mwaka 1889, lakini wengi wao waliachwa nyuma. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert, akawaingiza katika utumishi wa Waingereza pamoja na familia zao. Hao ndio waliokuwa nguzo ya utawala mpya wa Uganda. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi, wakichoshwa na safari za vita zisizokwisha na ujira duni. Ninautaja uasi huo kwa makusudi, kwani unaonyesha kuwa utii wao haukuwa wa kuzaliwa nao. Ulikuwa na masharti, nao waliyajua.

Mwaka 1902 vikosi vya Waingereza katika eneo hili viliunganishwa kuwa King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi waliliita Keya. Wanubi walihesabiwa miongoni mwa askari wake wa kutegemewa. Walipostaafu, serikali haikuwa na mahali pa kuwarudisha, wala haikuwa tayari kuwalipa pensheni ya maana. Suluhisho lake likawa kuwaacha wakae katika msitu uliokuwa pembeni mwa Nairobi. Wao waliuita Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eneo hilo la ekari 4,197 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi.

Hapa ndipo utumishi ulipogeuka kuwa urithi. Ruhusa ya kuishi na kulima Kibra ilitolewa na jeshi kwa sababu ya miaka ambayo mwanamume alikuwa ametumikia. Kwa familia isiyo na ardhi ya ukoo, mwana aliyejiandikisha jeshini alikuwa ngao ya nyumba nzima. Jeshi nalo lilipata hazina ya vijana waliokulia katika nidhamu yake. Wanubi walipigana Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika Vita vya Pili wanajeshi wa Keya walifika Ethiopia, Madagaska na Burma.

Lakini dola iliyofurahia kumpokea mwana jeshini haikukubali kwamba mwana huyo alirithi haki ya baba yake juu ya ardhi. Mwaka 1928 usimamizi wa Kibra uliondolewa mikononi mwa jeshi na kukabidhiwa utawala wa kiraia. Katika miaka ya 1930 Tume ya Ardhi ya Kenya iliwahesabu wakazi wake kuwa wapangaji wanaoweza kuondolewa kwa hiari ya serikali, ingawa ilikiri kuwa serikali ilikuwa na wajibu wa kuwatunza.

Uhuru haukuivunja kanuni hiyo. Vijana wa Kinubi waliendelea kuhojiwa na kamati maalumu kabla ya kupewa vitambulisho, wakitakiwa kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kupata uraia, na kwamba walikuwa wamebaguliwa. Mwaka 2017 serikali iliwakabidhi hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Hiyo ni hatua halisi, nami siibezi. Hata hivyo, ni chini ya asilimia 7 ya hifadhi ya mwaka 1918.

Baadhi ya wasomaji wangu ni watumishi wa umma, na huenda wengine watakaa siku moja kwenye meza ya kuamua nani ni raia. Nawaomba wazingatie hili: asiwepo mtu wa kudai ardhi au kitambulisho kwa kuwa babu yake alibeba bunduki, kwa maana uraia haununuliwi kwa vita. Mkulima na mchuuzi wanaustahili sawasawa na askari. Lakini dola iliyowahamisha watu kwa manufaa yake, ikawatumia vizazi kadhaa, haina haki ya kumuuliza mjukuu wao alifikaje hapa. Jibu limo katika nyaraka za dola yenyewe.