Homa Si Homa: Ile Iliyoshuka Mombasa 1918

Mwezi wa saba nililala kwa keja yangu hapa Silanga siku nne bila kutoka. Asubuhi nilikuwa poa kabisa, nashuti video kando ya reli. Saa tisa mchana mwili wote unauma, joto juu, kichwa kinapasuka. Nikampigia mathe. "Ni homa tu, kunywa chai ya tangawizi." Msee wa chemist naye akaniuzia zile za rangi mbili, 200 bob.

Shida ni hilo neno. Nairobi "homa" ni kamasi, ni kikohozi, ni malaria, ni kila kitu. Ukimwambia boss uko na homa anakuona mvivu.

Sasa wasee, rudini na mimi Septemba 1918. Vita vya Kwanza vya Dunia bado havijaisha. Homa ya mafua inashuka bandarini Mombasa, inapanda treni ya Reli ya Uganda, inaingia bara. Inakuta watu wenye njaa, na wapagazi waliochoshwa na vita, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariokor. Inakadiriwa iliua watu 150,000 hivi katika Kenya ya wakati huo. Duniani, angalau milioni 50. Na haikuchukua watoto na wazee peke yao. Iliwapiga sana watu wa miaka 20 hadi 40, yaani mimi na wewe. Wengi walimalizwa na nimonia iliyofuata, na penisilini ilikuwa haijagunduliwa.

Mwaka huohuo, serikali ya kikoloni iligazeti Kibra kuwa ardhi ya askari Wanubi wa KAR. Shuleni nilifundishwa hiyo ya ardhi. Ya homa, hakuna mtu aliniambia, hata campo kabla niache.

Virusi vya aina hiyo, H1N1, vilirudi na sura mpya 2009, na hapa Kenya homa haina msimu mmoja, inazunguka mwaka mzima.

Kutofautisha si ngumu sana. Mafua ya kawaida huja polepole: koo linawasha, unapiga chafya, pua inatiririka, lakini bado unaenda job. Homa yenyewe inakuangusha ndani ya masaa: joto kali, baridi ya kutetemeka, misuli inauma, kikohozi kikavu, hata kuenda choo ni safari. Kama umetoka ushago Kisumu ama Busia juzi, pima malaria kwanza, kwa sababu zinafanana vibaya. Ukishindwa kupumua, kifua kikiuma ama ukianza kuchanganyikiwa, hiyo ni hospitali, usingoje asubuhi. Na zile za rangi mbili? Ni za bakteria. Virusi haviguswi. Nilichoma 200 yangu.

Jirani yangu ako na mtoto wa miezi minane. Hizo siku nne nilikuwa nampitishia pesa ya maji kwa dirisha, leso mdomoni, na yeye ananicheka ati nimejifanya daktari.