Mawe ya Redio na Moto wa Leo

Kabla ya mwaka 2010 umeme wa Pemba ulitoka kwenye majenereta ya dizeli pale Wesha. Mwaka huo ndipo waya wa chini ya bahari ulipofika kutoka Tanga. Kwa hiyo kwa watu wengi wa shamba, kama kule Wingwi, Micheweni, historia ya umeme haikuanza na nguzo. Ilianza na mawe ya redio. Yakichoka yalianikwa juani, ili taarifa ya habari ya saa mbili usiku isiwapite.

Mawe yale yakifa yalitupwa. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani iliingiza sokoni betri za lithiamu zinazochajiwa, na leo ndizo zilizomo ndani ya simu, tochi na kompyuta. Fundi wa mtaani hufungua kompyuta iliyokufa, akatoa seli zilizo hai, akaziunga upya ziwashe taa. Ni kazi ya kusifiwa. Swali ni moja: anaziunga kwa njia gani?

Akishika chuma cha kulehemu, hapo pana hatari. Chuma kikikaa juu ya seli, joto huzama ndani na kudhuru utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha chanya na hasi. Utando ukiharibika, seli yaweza kuwaka, pengine usiku watu wamelala.

Dawa yake ni ya zamani. Elihu Thomson, mzaliwa wa Manchester aliyekulia Marekani, alipata hataza ya kuchomelea kwa umeme mwaka 1886. Vyuma viwili hubanwa, mkondo mkubwa ukapitishwa mahali padogo, na ukinzani wa pale ukazaa joto. Mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Ndiyo maana ampea mia kadhaa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, hugandisha kibati cha nikeli kwenye seli bila kulichemsha tumbo lake.

Wapo wanaojiundia mashine hiyo nyumbani kwa transfoma ya jiko la microwave. Nao waonywe: transfoma hiyo ikiwa haijabadilishwa hutoa volti zipatazo 2,000, nazo huua.

Tunasema fundi asizuiwe, afundishwe. Vituo vya mafunzo ya amali viingize kazi hii katika masomo yao. Nyumba iliyongoja nguzo miaka yote hiyo isije ikateketezwa na betri ya taa.