Kugawa na Kupogoa: Istilahi Mbili za Uhariri wa Video

Kazi ya kuhariri video kwa kompyuta imeingia majumbani mwetu kwa haraka kuliko istilahi zake, na kwa sababu hiyo neno moja la kukata limetwikwa vitendo viwili ambavyo mafundi huvitenga kabisa: kuigawa video ndefu iwe vipande, na kuzipogoa ncha za kipande zisizohitajiwa. Ikhtilafu baina ya vitendo hivyo si ndogo, kwani asiyeijua aghalabu huogopa kugusa chochote, akidhani kwamba kila kikatwacho hupotea.

Tuchukue mfano wa mtu wa Kyela aliyepiga video Jumamosi moja huko Matema, akaanzia katika gulio la Lyulilo ambako wanawake wa Kikisi huuza vyungu vyao, kisha, bila ya kuzima kamera, akashuka ufukweni na kumalizia kwa mitumbwi na Milima ya Livingstone iliyosimama juu ya Ziwa Nyasa. Akiifungua video hiyo katika kompyuta, akaweka alama pale liishiapo gulio na uanziapo ufuko, kisha akaiamuru programu itenge, huyo amegawa: kilichokuwa kimoja kimekuwa viwili, wala hakikupungua kitu, na vipande hivyo vikiachwa katika utaratibu wake wa asili, mtazamaji hatatambua kwamba pana mpaka.

Kupogoa ni shauri jingine. Kila mpiga video huanza kabla ya tukio na huzima baada yake, na kwa hiyo mwanzoni hubaki kamera inayoyumba, na mwishoni hubaki picha za miguu na mchanga. Fundi huivuta ncha ya kipande kuelekea ndani mpaka takataka hizo zitoweke. Neno kupogoa wakulima wa kokoa wa Kyela wanalijua vyema, maana mti wa kokoa usiopunguzwa matawi huzidi kivuli na hupungua mazao. Ila tawi lililopogolewa halirudi mtini, ilhali ncha ya video iliyopogolewa imefichwa tu, na mhariri akiivuta tena kuelekea nje, picha zote hudhihirika kama zilivyokuwa. Sababu yake ni kwamba programu nyingi za uhariri haziligusi faili la asili, bali huandika maagizo ya mahali pa kuanzia na mahali pa kukomea, na maagizo hayo hutekelezwa wakati wa kutoa nakala mpya.

Lipo pia jambo linalowatatiza wengi, nalo ni mkato kuangukia kando ya mahali palipokusudiwa. Video ni mfululizo wa picha tuli, aghalabu 25 au 30 kwa sekunde, lakini mbinu za kubana faili, kama ile ya H.264 iliyotolewa mwaka 2003, hazihifadhi kila picha kwa ukamilifu wake. Huhifadhiwa picha kamili moja baada ya muda, na zile zinazofuata huandikiwa mabadiliko tu: milima isiyosogea haina haja ya kuandikwa upya, bali mawimbi na makasia yanayosogea ndiyo yanayoandikwa. Basi mtu akitaka kukata katikati ya picha za mabadiliko, hana budi kuchagua moja kati ya mawili: ama mkato usogezwe mpaka kwenye picha kamili iliyo karibu, kazi ikaisha upesi na ubora ukasalimika, ama video isimbwe upya, yaani ibanwe tena, mkato ukawa sahihi lakini muda ukatumika na ubora ukapungua kidogo.

Alhasili, kuhariri na libaki jina la kazi nzima, kama lilivyozoeleka katika magazeti. Neno kukata nalo na libaki katika mazungumzo ya kila siku. Bali anayefundisha kazi hii atenge kugawa na kupogoa, na kufuta kuwe neno la tatu, kwa kile kinachoondolewa kweli. Naye mwanafunzi ashike kanuni moja: nakala mpya ihifadhiwe kwa jina jipya, kwani kugawa hakupotezi kitu na kupogoa huficha tu, lakini kuhifadhi juu ya faili la asili hupoteza moja kwa moja.