Kihami

Kitenzi hami, yaani kulinda, kina asili ya Kiarabu, lugha ambamo wakili huitwa muhami. Kiswahili cha sayansi kikaunda kihami: kitu kinachozuia joto au umeme kupita. Mafundi wa jua kali husema insuleta na kazi inaendelea. Hata hivyo, neno la vitabuni lina ladha yake, kwa kuwa hapa anayetetewa ni moto.

Chukua mfano wa Itumbe, Kisii: ni nchi ya chai, na viwanda vya chai huchoma kuni kupata mvuke wa kukaushia majani. Katika boila za aina hiyo, kikasha cha moto hujengewa matofali ya kuhimili moto. Mabomba ya mvuke huvishwa sufi ya mawe, kisha bati jembamba juu yake. Bila hivyo joto huishia kupasha hewa ya nje, na gharama ya kuni humrudia mkulima. Kikasha kikipoa, moshi nao huongezeka, maana gesi za kuni hutoroka kabla hazijawaka.

Wengi huchanganya kihami na kitu kisichoungua. Jiwe la sabuni la Tabaka, hukohuko Kisii, haliungui, ila hunyonya joto na kulitoa polepole. Kihami kizuri cha joto ni chepesi, kimejaa vitundu vya hewa. Ndiyo maana katika jiko la kauri la Kenya, lililoenea tangu miaka ya 1980, chungu cha ndani hushikizwa kwenye bati kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yenye vitundu vya hewa.