Minack: Jukwaa la Gengeni Lililozaliwa na Waigizaji wa Kijijini

Ukumbi wa michezo wa Minack uko Cornwall, kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza, juu ya ufukwe wa Porthcurno. Hauna paa. Viti vimepangwa kwa ngazi kwenye genge, na nyuma ya waigizaji ni bahari ya Atlantiki tu. Mgeni anayeutazama kwa mara ya kwanza anaweza kuapa kwamba uliachwa na Warumi wa kale, kumbe ni wa mwaka 1932. Tena hakuna serikali wala tajiri aliyeagiza ujengwe. Ulitokana na wanakijiji waliopenda kuigiza Shakespeare.

Mwaka 1929 waigizaji wa ridhaa wa eneo hilo walionyesha A Midsummer Night's Dream kwenye uwanda wa majani huko Crean, si mbali na pwani. Uteuzi huo ulikuwa wa busara sana. Ndani ya futuhi hiyo wamo mafundi wa Athens, seremala, mfumaji, mshona nguo na wenzao, ambao wakishamaliza kazi za mchana hukutana msituni kufanya mazoezi ya mchezo wa kumfurahisha mtawala siku ya harusi yake. Kikundi cha kijijini kikiwaigiza watu hao kinajiigiza chenyewe, na hadhira huwatambua jirani zao kwenye jukwaa. Onyesho lilipendwa, likarudiwa mwaka uliofuata.

Miongoni mwa walioshughulikia maleba alikuwemo Bi. Rowena Cade, mzaliwa wa Derbyshire mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alihamia Cornwall, akanunua rasi ya Minack kwa pauni 100 na kujenga nyumba ya kuishi yeye na mama yake. Kikundi kilipoamua kuigiza The Tempest, uwanda wa majani haukufaa tena. Mchezo ule unataka kisiwa, mawimbi na meli inayozama. Bi. Cade akawapa genge lililokuwa chini ya bustani yake.

Majira ya baridi ya 1931 hadi 1932 yalipita kwa kazi ya sululu. Bi. Cade, mtunza bustani wake Billy Rawlings na Charles Angove walihamisha mawe na udongo kwenye mteremko mkali, ambako hatua moja mbaya ingemtupa mtu baharini. Vifaa vilishushwa kutoka nyumbani au vilipandishwa kwa njia ya miguu kutoka ufukweni. Kiangazi kilipofika, The Tempest ikachezwa mbele ya bahari yenyewe, kwa mwanga wa betri, taa za magari na umeme hafifu uliovutwa kutoka nyumbani kwa Bi. Cade. Gazeti la The Times liliandika habari zake.

Vita vya Pili vilikaribia kuufuta ukumbi huo. Seng'enge zikazungushwa, na kibanda cha zege cha kujihami kikajengwa papo hapo. Amani iliporudi, Bi. Cade alianza upya, na maonyesho yakarejea mwaka 1949. Mawe ya kuchonga yalikuwa ghali, kwa hiyo akageukia saruji aliyoichanganya na mchanga aliobeba mwenyewe kutoka ufukweni. Zege likiwa bado bichi, alilichora kwa ncha ya bisibisi kuukuu, akiandika majina ya tamthilia na miaka yake kwenye migongo ya viti. Viti hivyo ndivyo kumbukumbu bora ya ukumbi huo, maana anayekuja kutazama mchezo hukaa juu ya historia yake.

Husimuliwa pia kwamba aliwahi kubeba peke yake boriti ndefu zilizotupwa pwani na meli ya Kihispania iliyovunjika. Wakaguzi walipokuja, aliwaambia wazi kwamba ameokota mbao. Walimtazama alivyo mwembamba, wakaondoka wakiamini kwamba wanazozitafuta zingehitaji wanaume kadhaa kuzinyanyua.

Aliendelea na ujenzi hadi alipopita miaka 80. Mwaka 1976 ukumbi ukawa mali ya taasisi ya hisani, naye akafariki Machi 1983 akiwa na umri wa miaka 89. Waigizaji wa ridhaa bado hupanda jukwaa lake kila kiangazi, na mvua ikinyesha watazamaji huvaa makoti na mchezo kwa kawaida huendelea.

Mwaka 2032 Minack itatimiza miaka 100. The Tempest, tamthilia iliyoizaa, ambayo toleo la kazi za Shakespeare la mwaka 1623 liliiweka ya kwanza kati ya futuhi zake, ipo kwa Kiswahili tangu mwaka 1969, katika tafsiri ya S. S. Mushi iitwayo Tufani. Vikundi vyetu vya maigizo vya mitaani, ambavyo kila mara hulalamikia ukosefu wa kumbi, vina ufukwe mrefu kuanzia Lamu hadi Mtwara. Itafuteni Tufani, mkaicheze huko.